Kompyuta Inajizima Ovyo: Tupige Windows au Tupime Kwanza?

Kompyuta ikiganda, ikijizima au ikileta skrini ya bluu, fundi wengi wana jibu moja: "Tupige Windows upya," yaani tuisakinishe tena. Hawabahatishi tu. Draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu inaweza kuangusha mashine isiyo na kasoro yoyote. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 bila kifaa kuharibika. Tena kupiga Windows hakuhitaji spea, ilhali kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 16 kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, huweza kula saa kadhaa huku mteja anasubiri.

Lakini diski ikiwa ndiyo inayokufa, kuiandikia Windows mpya ni kuimalizia, na faili za mwenye mashine zinakwenda nayo. RAM ikiwa mbovu, Windows huweza kunakiliwa na makosa tangu mwanzo.

Kwa maoni yangu, ipo hatua inayopaswa kutangulia kupiga Windows na kupima RAM. Washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows), chagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha fungua programu ya Disks usome SMART, ripoti ya diski kuhusu afya yake. Kwenye diski ya aina ya SATA tazama namba 5 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na 197 (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu): ya pili ikiwa juu ya sifuri, acha yote, hamisha faili kwanza. Diski ikiwa salama, iache mashine ifanye kazi kwa Ubuntu hiyo saa moja au mbili. Ikijizima hata hapo, Windows haina kosa.

Hapo ndipo RAM inapimwa. Zima XMP (mpangilio wa kuiongezea RAM kasi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows, maana kijiti cha RAM kizima kikiendeshwa kasi kupita uwezo wake hutoa makosa. Kosa moja tu la MemTest86 linatosha kushuku. Chomoa waya wa umeme, bakiza kijiti kimoja, pima, kisha kihamishie tundu jingine. Makosa yakifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Yakibaki kwenye tundu, shuku madabodi, bodi kuu ya kompyuta.

Kwa pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), hata hivyo, nakubaliana na wanaobadilisha bila kupima sana. Mita ikisoma kati ya volti 11.4 na 12.6 kwenye laini ya volti 12 wakati mashine imetulia, haijathibitisha kitu. Volti hudondoka gemu inapoanza, na mashine huzima ghafla bila skrini ya bluu. Funga pawa saplai nyingine unayoijua ni nzima, yenye wati za kutosha. Ile ya zamani usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.