Kandambili Mlangoni

Siku afisa wa ustawi wa jamii alipokuja kwetu kuhakiki, jirani aliniwahi uani akaninong'oneza: "Wewe sema umekuja kusalimia tu. Usiseme unakaa hapa." Nilicheka, nikijua ni maskhara ya watu wa Likoni. Mamangu hakucheka. Aliunyoosha mkongojo wake, akazisukuma kandambili zangu kutoka mlangoni hadi uvunguni mwa kitanda.

Mdogo wangu ana miaka 26 na mtindio wa ubongo. Haketi bila kuegemezwa, hajilishi, msalani haendi mwenyewe. Serikali inamwita mtu mwenye ulemavu mkubwa, na kwa jina hilo nyumba yetu ilikuwa ikipokea pesa za Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza kwa fedha taslimu: shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa kawaida yetu zilikuja za miezi miwili pamoja, 4,000, zinapokuja. Mnufaika ni yeye. Anayezichukua ni mama, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kuwa mtunzaji. Jina kwenye karatasi ni la mtoto, alama za vidole ni za mama.

Kisha mama akateleza bafuni akavunjika nyonga. Wakati huo nilikuwa Nairobi, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikaomba uhamisho wa kurudi Mombasa, nikapewa, nikahamia vyumba vile viwili vya kupanga alivyokuwa akiishi na mdogo wangu. Nilijua nimefanya jambo la maana: mgonjwa aliyekuwa na mtu mmoja wa kumgeuza kitandani, naye mwenyewe sasa ni mgonjwa, amepata wa pili mwenye mikono mizima. Kumbe kwa hesabu za mpango ule, mimi nilikuwa nimeutoa umaskini nyumbani kwa kuingia na begi langu.

Mpango huu wa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza katika mwaka wa fedha wa 2010/2011, na masharti yake ukiyasoma moja moja hayana ubaya. Awe mtu anayehitaji kuhudumiwa muda wote. Nyumba iwe maskini kabisa. Pasiwe na mtu ndani mwenye mshahara au pensheni. Nyumba isiwe inapokea fedha za mpango mwingine wa aina hiyo. Lakini yaweke pamoja uone yanavyogongana. Sharti la kwanza linasema lazima pawe na mtunzaji, maana asiyejiweza hawezi kuishi bila yeye. La tatu linasema mtunzaji huyo asiwe na kitu. Awepo, ila awe fukara. Akijikwamua kidogo, anayeadhibiwa ni yule aliyelala kitandani.

Afisa alikuwa mama mpole, nitamsema kwa wema. Alimwamkia mdogo wangu kwa jina, jambo ambalo hata baadhi ya jamaa zetu hawalifanyi. Akauliza nani anaishi hapa. Nikasema mimi. Unafanya kazi? Nafanya. Akaandika. Mama akatazama ukutani. Miezi ikapita, pesa hazikuja, na tulipofuatilia jibu lilikuwa maneno matatu: kaya ina mwajiriwa.

Niseme wazi kwamba hatukufa njaa. Mshahara wangu unazidi shilingi 2,000 mara nyingi, na najua wako wanaosoma hapa watasema basi afisa alifanya sawa, pesa ziende kwa asiye na mtu. Hoja hiyo naiheshimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, wa miaka 5 kwenda juu, na kwa miaka mingi mpango wenyewe ulikuwa ukizifikia nyumba zipatazo 47,000 nchi nzima. Kopo ni dogo, foleni ni ndefu. Lazima kuchagua.

Ila tazama kinachohesabiwa na kisichohesabiwa. Mshahara wangu umehesabiwa. Kinachotoka kwenye mshahara huo hakikuhesabiwa: kodi ya nyumba, mazoezi ya nyonga ya mama, na nepi za mtu mzima, ambazo pakiti ya kumi nainunua kwa shilingi mia nane na ushee. Anatumia mbili kwa siku nikibana, tatu akiharisha. Piga hesabu mwenyewe uone 2,000 ingefika tarehe ngapi, kabla hujamnunulia hata maziwa. Kuzigawa kwa siku ni kama shilingi 67, na hiyo ni ya mtu na mtunzaji wake pamoja.

Kisha kuna saa. Naamka saa kumi na nusu za usiku nimwogeshe mdogo wangu kabla ya kwenda kazini, maana mama hawezi tena kumwinua. Mchana tunamlipa binti wa jirani aje amgeuze na kumlisha. Jioni narudi kwenye kazi ya pili. Mama naye, kabla ya mimi, aliifanya kazi hiyo miaka 26. Alikuwa na biashara ya mahamri na mbaazi iliyokuwa ikijulikana mtaa mzima, akaiacha mtoto alipofika miaka mitatu na kifafa kikaanza, kwa sababu huwezi kuwa kwenye karai la mafuta na huku unasikilizia mtu kitandani. Jasho hilo hakuna safu lake kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona. Mshahara una safu.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mimi nikisoma hapo naona mtu. Sioni nyumba. Mdogo wangu hawezi kujikimu niwe nimehamia au niwe Nairobi. Ulemavu wake haukupungua siku nilipotua begi.

Nina binamu aliye Leicester, Uingereza, naye aliponisikia nikilalamika alicheka kile kicheko cha mtu aliyepitia. Mama yake, shangazi yangu, anaishi kwa pensheni ndogo inayoongezewa na serikali kwa kuwa kipato chake ni cha chini. Ndani yake kulikuwa na nyongeza ya ulemavu mkubwa, pauni 82.90 kwa wiki kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025. Nyongeza hiyo hupewa mtu anayehesabiwa kuwa anaishi peke yake, na ambaye hakuna anayelipwa posho ya mtunzaji kwa ajili yake. Binamu alipohamia kwa mama yake ili amtunze, nyongeza ikaondoka. Mtu mzima ameingia nyumbani, kwa hiyo mzee hayuko peke yake tena, yamekwisha.

Akaambiwa basi aombe posho ya mtunzaji. Hiyo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki kwa viwango hivyohivyo vya Aprili 2025, ukitunza kwa saa 35 au zaidi. Hebu zilinganishe hizo namba mbili. Mama amepoteza 82.90, binti angepata 83.30. Ufalme mzima ungekuwa umetoa peni 40 kwa wiki kwa saa 35 za kazi. Na hata hizo peni hakuzipata, kwa sababu ana kibarua dukani, na mshahara wa mkononi ukivuka kikomo, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki, posho haipungui kidogo kidogo, inakatika yote kama kamba. Yeye huvuka. Kwa hiyo mama kapoteza na binti hakupata. Kilichobaki salama ni posho ile nyingine ya mzee anayehitaji kuhudumiwa, ambayo haiulizi kipato wala unaishi na nani.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani. Hata Uingereza, yenye masharti mengi kuliko chunusi, imekubali kwamba kuna malipo yanayofuata mwili wa mtu na si hesabu ya viatu vilivyo mlangoni. Zanzibar wamelifanya hivyo kwa wazee: Pencheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023, inatolewa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Mwanao daktari? Zako utazipata. Hapa kwetu pia pesa za wazee wa miaka 70 ziliwekwa kwa kila asiye na pensheni tangu 2018, kwa hiyo usiniambie kwamba wazo lenyewe hatulijui.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Afrika Kusini. Kule mtu mwenye ulemavu anapimwa kipato chake, na cha mume au mke kama ameoa au ameolewa. Cha dada hakimo. Na akiwa ni mtu wa kuhudumiwa muda wote, anaongezewa kiasi kingine mahususi kwa ajili ya utunzaji, ambacho kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025 kilikuwa randi 560 kwa mwezi. Si nyingi, wenyewe wanalia ni kidogo. Ila angalia mwelekeo: kuwepo kwa mtunzaji kunaongeza malipo. Kwetu kuwepo kwangu kulifuta.

Watu wa sera watasema hiyo ni mada ya bajeti. Mimi naona ni mada ya uongo pia, maana sheria za namna hii zinawafundisha watu wema kudanganya. Yule jirani aliyeninong'oneza uani hakuwa mhuni. Binti yake alirudi kutoka Saudia mwaka juzi, akapata kazi ya hoteli, na anamsaidia mama yake kumlea mpwa asiyeona wala kutembea. Ikisikika kwamba wahakiki wako mtaani, binti huyo analala kwa shangazi yake na nguo zake zinaanuliwa kambani. Mtaa mzima unajua, mzee wa mtaa nadhani anajua, na hakuna anayemlaumu. Wengine hawarudi kabisa nyumbani. Hutuma pesa kwa simu kimyakimya na kumwacha mama mzee ainue peke yake mtu mwenye uzito wa kilo sitini, kwa sababu pesa za kwenye simu hazionekani lakini mtu anayelala ndani anaonekana. Nyonga ya mama yangu ilivunjika akiwa anabeba ndoo ya maji ya kumwogeshea mtu mzima. Mimi nilikuwa Nairobi, natuma.

Nikipewa kalamu ningeanza na jambo moja dogo: mtu akiwa na ulemavu mkubwa, mshahara wa ndugu anayemtunza usihesabiwe, mradi ndugu huyo anaishi naye na anamtunza kweli. Afisa anayekuja kuhakiki anaweza kuliona hilo kwa macho. Aangalie nani anajua dawa ya kifafa inatolewa saa ngapi. Kuongeza zile 2,000, ambazo zimekaa palepale huku unga na mafuta vikipanda, ni vita vingine na navijua.

Tumeandika barua ya kuomba kesi iangaliwe upya. Chifu ametia saini, hospitali imetoa karatasi zake, na mimi nimeambatisha karatasi ya mshahara bila kuficha kitu, ingawa jirani aliniita mjinga mbele ya mama.

Juzi aligonga hodi mtu mwenye faili kwapani. Alikuwa wa kampuni ya maji, anasoma mita. Kabla sijafika mlangoni nilisikia mkongojo ukigonga sakafu, na nilipotazama chini kandambili zangu zilikuwa zimeshaingia uvunguni.