Hati yangu, miti yao

Tanga wana usemi wao: waja leo, waondoka leo? Mimi huu mwezi wa tatu sijaondoka, na kinachonishika si raha. Ni miti.

Marehemu baba kaniachia nyumba hapa Makorora, na nyuma yake uwanja ambao ukisimama mlangoni huuoni ukuta wa pili. Nimekulia kwa mama, Mbagala. Miti niliyokuwa naijua ni mitatu: mwembe, mnazi na nguzo ya umeme. Nikasema nafyeka, najenga banda la kuku.

Nikaanza na mmoja ulioota matunda ya kijani kwenye shina lenyewe, yamebanana kama tetekuwanga. Huu mgonjwa, nikasema. Ila mtu mzima hakurupuki. Nikaupiga picha, nikaiuliza simu. Simu ikazungukaaa, ikala bando lote, ikajibu: Averrhoa bilimbi. Nikatoka nalo hilo jina hadi ukutani, nikamsomea bibi jirani kwa sauti ya daktari. Akanitazama. "Si mbirimbi huo, mwanangu? Na usiuguse, achari yangu yote yatoka hapo." Bando zima, naambiwa mbirimbi ni mbirimbi!

Nikahamia ule wa karibu na choo. Kijana wa bodaboda akasema mwarobaini, mama yake huchuma majani, unatibu maradhi arobaini. Akapita mzee anatoka kuswali: "Huo mkilifi." Nami mtu wa kumbukumbu, nikaandika kwenye daftari: mwarobaini mmoja, mkilifi mmoja. Jioni nzima nikauzunguka uwanja kuutafuta wa pili. Kumbe mti ni huo huo, majina mawili. Sasa hapo maradhi si yangekuwa themanini?

Mhina unangojwa na harusi ya mwezi ujao. Mlangilangi nao una watu wake, wanaingia alfajiri kuchuma maua mimi bado nimo ndani ya shuka. Hodi hawapigi. Nilipowauliza wakasema, "Marehemu hakuwa na maswali." Na ule mkungu! Majani mapana kama sinia, kila asubuhi yamejaa uani, na ufagio ni wangu peke yangu. Kungu zikiiva, watoto wa mtaa mzima ni ndugu zangu.

Kwenye ua kuna safu ya vichaka. Nikamuuliza bibi vinaitwaje.

"Mbono kaburi."

"Kaburi la nani?"

"Jina tu hilo, hupandwa makaburini."

"Na hapa kwetu umepandwa kwa nini?"

Akaniuliza kama nimesikia bei ya nazi. Baadaye fundi mmoja akanieleza kwamba watu huupanda hata uani, maana mbuzi hawali. Nimemwelewa. Lakini usiku choo cha nje siendi, nina ndoo.

Wiki iliyopita, huko nyuma kabisa, nikaona mmea umetambaa ukutani hadi juu, maganda yake yana manyoya laini ya rangi ya dhahabu. Haujachumwa hata jani. Nikatangaza kwa majirani wote: nani mwenye huu? Hakuna aliyejitokeza. Bibi akasema, "Huo ni wako, mwanangu," huku ameziba mdomo kwa upindo wa khanga, na mimi mjinga nikadhani anapiga miayo.

Nikavua shati. Furaha ya mwenye mali hiyo! Nikauvuta kwa mikono miwili, ukaniangukia kifuani, nikaukumbatia.

Waliowahi kukutana na upupu hawana haja ya kuendelea kusoma. Nilijikuna kwa kucha, nikajikuna kwa gunzi, nikajisugua kwenye mwarobaini, na kwenye mkilifi pia. Wale watoto wa kungu wakapanga mstari kutazama.

Bibi akaja na majivu nijipake, na bakuli tupu. Nikauliza, bakuli la nini, la dawa?

"Ukishatulia, uniangulie birimbi."