Tarehe iache ibaki tarehe

Makosa mengi ya tarehe kwenye programu huanza pale mtu anapoigeuza kuwa maandishi mapema mno. Ihifadhi kama tarehe, ilinganishe kama tarehe, kisha igeuze maandishi pale tu inapokwenda kusomwa na mtu. Ukiweka "05-03-2024" kwenye safu ya maandishi ya hifadhidata, siku ukipanga rekodi, "01-12-2024" itatangulia. Kompyuta inalinganisha herufi moja moja kuanzia kushoto, na 01 huja kabla ya 05, basi Desemba inakaa mbele ya Machi.

Ikilazimu iwe maandishi, tuseme kwenye faili au baina ya seva mbili, tumia ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-05. Hupangika yenyewe, na haina utata wa 03/04/2024, ambayo Mwingereza huisoma 3 Aprili na Mmarekani 4 Machi. Utata huo ni hatari kwa sababu hupita kimyakimya. Ipe SimpleDateFormat, zana ya zamani ya Java ya kusoma na kuandika tarehe, fomati ya MM/dd/yyyy (mwezi/siku/mwaka), kisha iisome 13/04/2024: haitalalamika. Mwezi wa 13 itauhesabu kuwa Januari ya mwaka unaofuata na kukupa 4 Januari 2025! Weka setLenient(false) ili iache kuvumilia makosa, au bora zaidi hamia DateTimeFormatter iliyokuja na Java 8, ambayo huukataa mwezi huo papo hapo.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina mambo yake. Katika Java, MM ni mwezi na mm ni dakika. Katika Python ni kinyume, %m ndiyo mwezi na %M dakika. Hilo utaliona mapema ukijaribu. Linaloumiza kweli ni YYYY ya Java. Wengi huiandika wakidhani ni sawa na yyyy, kumbe ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki husika imehesabiwa. Jumatatu ya 30 Desemba 2024 imo katika wiki ya kwanza ya 2025, kwa hiyo YYYY-MM-dd hutoa 2025-12-30. Karibu mwaka mzima msimbo wa programu unafanya kazi vizuri, halafu unaharibika siku chache tu za mwisho au mwanzo wa mwaka, wakati watu wengi wako likizo.

Kwenye JavaScript, watu hupenda toISOString().slice(0, 10), inayokata herufi kumi za kwanza za tarehe ya ISO, kwa sababu ni fupi. Lakini toISOString hutoa saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia, si saa za mahali alipo mtumiaji. Mtumiaji aliye saa tatu mbele ya UTC akibonyeza kitufe saa saba na nusu usiku (01:30), tarehe 5 Machi 2024 ikiwa ndiyo kwanza imeanza, maandishi yatasema 2024-03-04. Kama unataka siku yake yeye, chukua getFullYear(), getMonth() ukiongeza 1 kwa kuwa miezi huanzia 0, na getDate(), kisha jaza sifuri kwa padStart(2, "0").

Majaribio yako yawe na angalau saa 01:30 katika ukanda wa saa ulio saa tatu mbele ya UTC, na 30 Desemba 2024.