Umenunua Punda, Hukununua Bodaboda

Ndugu zetu wa Igoma, Kisesa, Buhongwa na kote huko Mwanza lami inakoishia kwenye mawe, tunaomba tulale. Saa nane usiku mtu yuko kwenye ndoto nzuri, anakula sato wa kuchoma na hajaletewa bili, mara hiyo sauti: iiii-haaa! Punda wako anavuta pumzi kama pampu ya baiskeli yenye kutu, anaishusha, anaanza upya. Mbwa wanaitikia. Vichanga vinaamka. Mwenye punda anatoka na tochi na fimbo, anamtandika, anarudi kulala. Dakika kumi baadaye tunarudi kwenye ubeti wa kwanza.

Asubuhi ukimuuliza, anakujibu uso mkavu: "Huyu amerogwa tangu nimtoe Kwimba." Kaka, mganga gani ana muda wa kumroga punda? Anaita mwenzake. Alikotoka walikuwa wawili, wamebeba maji pamoja na kunyeshewa pamoja, na punda wakishazoeana hivyo huwa hawaachani mpaka uje wewe na pesa zako. Umemchukua mmoja, umempakia kwenye kirikuu, umekuja kumfunga chini ya mwembe. Bodaboda ukiiegesha peke yake hailii. Ila huyu ana moyo.

Na mnadani mnavyojua kukagua! Mnafungua mdomo, mnahesabu meno, mnapiga kiuno kofi, mnabishana nusu saa kwa ajili ya elfu tano. Swali la maana hakuna anayeuliza: huyu alikuwa analala na nani? Kama yule mwenzake yuko hapohapo mnadani, wachukue wote wawili. Kama huna hela ya wawili, basi bado huna hela ya punda.

Halafu wapo wanaoona punda ni aibu, wanataka farasi. Ng'wanawane, farasi ukanda huu! Mbung'o wakimkosa, wale visubi wa jioni watamletea ugonjwa wa farasi ambao pundamilia wanaishi nao bila wasiwasi, na pundamilia wenyewe wako hapo Serengeti, mbuga inayoshuka karibu kabisa na ziwa kule Ndabaka. Punda naye anaweza kuuguzwa na mbung'o, ila ni mvumilivu kuliko farasi, na ule ugonjwa wa farasi huwaua punda kwa nadra. Tuendelee na punda.

Mlete asubuhi, siyo usiku kama mali ya wizi. Mshike kamba, mzungushe uzio wote taratibu, mwonyeshe maji yako wapi na kivuli kiko wapi. Banda liwe na paa na kuta tatu, maana manyoya ya punda yanalowa mpaka kwenye ngozi, na mvua za Machi mpaka Mei hapa mnazijua. Kamba ya mguuni sahau: inakata ngozi, inzi wanataga, na kidonda cha hapo kinachukua miezi. Wiki ya kwanza asibebe hata kandambili. Najua mmeshaandaa madumu. Ile "punda afe mzigo ufike" mmeigeuza maelekezo ya matumizi, kama yanayobandikwa kwenye jenereta. Punda wa kwetu ana kilo 120 mpaka 150, na mgongoni theluthi ya uzito wake ni mwisho. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo madumu mawili, moja kila upande. Mnapakia manne, akikaa chini mnasema mkaidi. Na huko ziwani nani mwenye akili? Wewe umezama mpaka magotini kwenye magugu maji unachota kichocho, yeye amesimama pakavu anakutazama.

Sasa chakula, na hapa ndipo mnapoua. Kwa huruma eti mgeni kachoka, mnammwagia debe la pumba na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, juu. Tumbo la punda limeumbiwa makapi. Pumba nyingi za ghafla zitampa msokoto wa tumbo, au kwato ziwake moto ndani, atembee kama bibi harusi kwenye viatu vya kuazima. Mpe nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani ya mpunga. Ambaye hajaanza kazi, kilo 2 mpaka 2.5 za vitu vikavu kwa siku zinamtosha. Ukitaka kumbadilishia chakula, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 mpaka 10. Maji awe nayo muda wote, na ndoo uisugue, kwa sababu punda anaona bora kiu kuliko maji yenye utelezi. Majani ya mparachichi yasimfikie. Na okota mifuko ya plastiki uani kwako. Ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 lakini inaonekana miiba ya uzio wako haikupata tangazo. Akiimeza, inamziba utumbo.

Mpweke akigoma kula, usiseme "njaa itamfundisha". Punda asipokula, mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu, ini linazidiwa, na siku chache tu zinatosha kumzika, hasa akiwa mnene au ana mimba. Ubaya wake ni msanii: anaweza kuweka mdomo kwenye nyasi na kutikisa taya bila kumeza kitu. Kwa hiyo usitazame mdomo, tazama lundo la nyasi kama linapungua, na kinyesi kama kinatoka. Masikio yamelala, kichwa kimeelekea ukutani, kinyesi kidogo chenye utelezi mweupe, hiyo ni simu kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Kipimajoto kikisoma zaidi ya 38, mwambie na hilo.

Mtasema basi tumpe mbuzi. Mbuzi ni afadhali kuliko mwembe, lakini mbuzi haongei Kipunda. Akichoka anapanda juu ya jiwe kulala, mwenzake anabaki chini akimtazama. Na punda dume asiyehasiwa usimwachie vitoto vya mbuzi, anauma, anatupa. Mhasi kwanza. Dawa halisi ya punda ni punda.

Ila usiwakutanishe siku ya kwanza kama unafungisha ndoa ya mkeka. Mgeni akae wiki 3 sehemu yake, ndoo yake, kamba yake, wakionana kwa mbali. Kama kaja na mafua au minyoo, itajulikana humo. Apewe dawa ya minyoo wakati huo. Kisha siku kadhaa watenganishwe na uzio tu, wanusane. Siku ya kuwafungulia iwe asubuhi, kwenye uwanja mpana usio na kona, maana anayebanwa kwenye kona ndiye anayevunjwa mbavu. Weka mafungu matatu ya nyasi kwa punda wawili, mbali mbali, ili anayefukuzwa huku apate kule. Watafukuzana, watapiga kelele, mmoja atarusha teke la kuonyesha ukubwa. Usiingie katikati kusuluhisha. Wewe siyo balozi wa nyumba kumi. Watenganishe tu kama mmoja ananyimwa kula kabisa au damu imetoka.

Na wakati unasubiri huyo wa pili, mkeshee mgeni wako kidogo jioni, bila fimbo. Angalia pale mabegani ule mstari mweusi wa mgongoni unapokatana na mwingine ukawa msalaba. Hapo ndipo punda hukunana kwa meno. Kwaruza hapo kwa vidole, taratibu. Ukipata penyewe, mdomo wa juu utarefuka, utaanza kutetemeka wenyewe, macho yatasinzia. Watu wanasema shukrani ya punda ni mateke. Waliosema hivyo walikuwa wamesimama nyuma.

Bei imepanda, ndiyo, wanunuzi wa ngozi za kusafirisha walitumalizia punda mpaka mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Lakini jumlisha fimbo ulizovunja na juisi ulizonunua kutuomba radhi mtaa mzima. Nunua wa pili. Nyumba moja hapa juu wamenunua. Saa za mchana unawaona wamesimama kichwa kwa mkia, kila mmoja anamfukuzia mwenzake inzi usoni. Usiku kimya. Ndipo tulipogundua kwamba mwenye punda mwenyewe anakoroma.