Bibi kizimbani, mfalme ukutani

Katika nyumba moja ya mtaa wa Sebata, Casablanca, nchini Morocco, picha iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu: ya Mfalme Hassan II. Bibi mwenye nyumba, Zahra, alizikataza nyingine zote. Picha ni haramu, alisema, na mjadala ukaishia hapo. Mjukuu wake Asmae El Moudir, aliyezaliwa mwaka 1990, alikua na picha moja ya utotoni aliyopewa na mama yake: watoto kadhaa, na mmoja kati yao akaambiwa ndiye yeye. Hakuamini. Katika nchi ambayo usiku wa 27 Ramadhani watoto huvalishwa kama maharusi na kupelekwa studio, mtoto asiye na picha hana budi kuuliza kulikoni.

Swali hilo lilimla miaka kumi. Filamu iliyozaliwa, *Kadib Abyad*, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2023 na kumpa tuzo ya mwongozaji bora katika kitengo cha Un Certain Regard. Jina lake maana yake ni uongo mweupe, na sisi wenye neno "kukadhibisha" nusu yake tunaielewa bila mkalimani. Kabla ya hapo, mwaka 2020, alitoa filamu iliyoanzia kwenye postikadi ya zamani ya kijiji alikotoka mama yake. Ziweke pamoja hizo mbili, utaona mtu mwenye tabia moja: anaokota kipande cha karatasi nyumbani kwao na hakiachi mpaka kiseme.

Safari hii kilisema tarehe 20 Juni 1981. Serikali ya Morocco, iliyobanwa na madeni na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ilikuwa imepandisha bei za unga, sukari, mafuta na maziwa. Vyama vya wafanyakazi vikaitisha mgomo, vijana wa mitaa ya kimaskini ya Casablanca wakamwagika barabarani, na wakamiminiwa risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa vifo 66. Wapinzani walitaja mamia. Driss Basri, waziri wa mambo ya ndani, anakumbukwa kwa kuwaita marehemu hao "mashahidi wa koumira", yaani mashahidi wa boflo. Miongoni mwao alikuwa binti wa miaka 12, jirani wa akina El Moudir.

Picha za siku ile ni adimu mno, kwa hiyo mwongozaji alimwomba baba yake, fundi wa vigae, aujenge mtaa wao upya kwa vipimo vya kiganjani: milango, kamba za kuanikia nguo, vibaraza. Mama akawashonea wanasesere mavazi. Wapo wanaouliza: hii bado ni filamu ya hali halisi? Mwanasesere hatoi ushahidi. Anatoa kile fundi alichotaka atoe. Na kuna hatari ya uzuri. Mtaa ule mdogo unapendeza mno, taa zake zimepangwa vizuri, hadi mtazamaji anaweza kuvutiwa na ufundi akasahau maiti.

Hoja hiyo ina uzito, ila kwangu inaanguka pale jirani mmoja, aliyekamatwa mwaka 1981, anaposimama mbele ya chumba kidogo cha mahabusu kilichojengwa upya na kuanza kueleza jinsi walivyoshindiliwa humo. Anaanza kama msimulizi, anamaliza kama mtu aliye ndani. Kamera haikuwapo mwaka 1981, lakini mwili wa yule mzee ulikuwapo, na kile chumba kidogo ndicho kilichoufungua. Mwongozaji Rithy Panh wa Kambodia alikwisha kupita njia hii na sanamu zake za udongo mwaka 2013. Na tuzo ya L'Œil d'or, ya filamu bora ya hali halisi pale Cannes, El Moudir aligawana na Mtunisia Kaouther Ben Hania, ambaye naye alitumia waigizaji kujaza nafasi za mabinti wasiokuwapo.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Anayehojiwa katika filamu hii ni bibi. Ndiye mkali, ndiye mwenye siri, ndiye anayewafokea wote. Wanaoisifu husema bibi ni dola iliyovaa kanga za nyumbani: hofu ya Hassan II iliingia mlangoni, ikaketi sebuleni, ikaanza kutoa amri. Usomaji huo ni sahihi. Lakini matokeo yake ni kwamba kizimbani amepandishwa ajuza, huku ofisa wala askari hata mmoja hajaletwa mbele ya kamera. Mwaka 2004 Mfalme Mohammed VI, mwana wa Hassan II, aliunda Tume ya Usawa na Maridhiano, ya kuchunguza maovu ya enzi zilizotangulia. Wahanga walizungumza hadharani, hata kwenye televisheni, kwa sharti kwamba wasiwataje waliowatesa. Mwishoni mwa 2005 kaburi la watu 77 wa mwaka 1981 liligunduliwa ndani ya kambi ya zimamoto ya Casablanca. Maiti zikapatikana, wauaji wakabaki bila majina. Filamu, kwa ujasiri wake wote, imetembea ndani ya mipaka hiyohiyo.

Je, angeweza kuivuka? Kaeni mkikumbuka fedha zilivyopatikana: Morocco yenyewe, Misri, Qatar na Saudia zimo katika utayarishaji. Desemba 2023 filamu ilitwaa Nyota ya Dhahabu ya tamasha la Marrakech, ya kwanza kwa filamu ya Morocco, na wakfu wa tamasha hilo unaongozwa na Mwanamfalme Moulay Rachid, mtoto wa Hassan II. Mwenye shaka atasema kidonda kimefungwa kwa utepe. Mwenye matumaini atajibu kwamba mwaka 1981 kulitaja jambo hili kulimpeleka mtu mahabusu, na leo linapigiwa makofi ukumbini. Naegemea kwa wa pili, bila kumpuuza wa kwanza. Nyota ya dhahabu haimrudishi yule binti kwao.

Halafu kuna suala la idhini. Huyu ni mwanamke aliyeikimbia kamera maisha yake yote, na mjukuu akamwekea usoni. Tunaweza kuita huo ukatili, au tuseme kwamba kimya chake kilikuwa kimewabana watu wengi mno kuachwa kiwe mali yake peke yake. Bibi hakusubiri tuamue. Alipoonyeshwa mfano wa sura yake uliotengenezwa pale karakanani, aliutazama, hakupendezwa, akainua fimbo yake na kuuponda.