"Tunaenda Taratibu Tu"

Aisee, mimi nikipewa mamlaka siku moja tu, sigusi bei ya sukari wala foleni ya Mwenge, hapa Dar. Nitapiga marufuku neno moja: "taratibu." Ukimsikia mpanda baiskeli anasema, "Wakuu, Jumapili tunapiga Bagamoyo, taratibu tu, tunakunywa dafu tunarudi," jua kuna mtu atarudi amekaa siti ya nyuma ya kosta, baiskeli iko juu ya paa, na hataki kusemeshwa.

Taratibu ya nani, ndugu yangu? Kuna mwenye baiskeli ya kilo nane, tairi nyembamba kama kidole gumba, na kuna mwenye Phoenix inayokaribia kilo 20 hata kabla hujaifunga kreti la soda nyuma. Huyu wa kwanza taratibu yake ni kilomita 28 kwa saa. Wa pili, kwa mwendo huo, akifika Boko ameshaanza kumwona marehemu babu yake anampungia mkono. Kwa hiyo usiulize "mnaendaje?" Uliza namba: kilomita ngapi kwa saa, na mnasimama wapi? Akicheka badala ya kujibu, kalale.

Na hiyo saa ya kuondoka. "Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kamili." Kamili! Ikifika hiyo saa mmoja anatafuta pampu, mwingine ndiyo anagundua, gizani, kwamba taa ya nyuma haina betri, wa tatu yuko "njiani", maana yake yuko bafuni ana povu usoni. Mnaondoka saa moja kasoro, jua linawatazama. Kutoka Mwenge ni kilomita kama 55, na maana yote ya kudamka ilikuwa uwe umefika kabla ya lile jua la saa nne ambalo halina utani na mtu.

Halafu upepo. Kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa pwani hii inavuma kusi, upepo wa kutoka kusini, na Bagamoyo iko kaskazini magharibi ya Dar. Piga hesabu mwenyewe. Kwenda, kusi inakushika kiuno inakusukuma. Tegeta hiyo, Bunju hiyo, unashuka Mpiji unapanda, Mapinga hiyo. Mtu anaangalia saa ya mwendo inasoma 28, hatoki jasho, anaamini mapafu yameota usiku. Anaanza kuchambua mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali 2025, anasema wale jamaa walikosea mbinu. Wanaume pale walikimbia kilomita 267.5, vilima vyote ukivijumlisha mita 5,475, wakamaliza watu 30 tu. Lakini huyu wetu yuko Kerege, upepo mgongoni, usimkatize.

Kurudi ndiyo anakutana na mwenye mali. Ile 28 inakuwa 18, na hapo anakanyaga kama anasaga karanga. Kilomita 55 kwa mwendo wa 28 ni saa mbili kasoro dakika chache. Kwa 18 ni saa tatu na zaidi, na ni saa tatu za mchana. Watu wanabishana kama Bagamoyo ni "bwaga moyo" au siyo. Aliyeenda na kusi anajua: moyo unarudi nao, kinachobaki kule ni mapaja.

Dawa ya upepo ni kujificha nyuma ya mwenzako, unaokoa hata theluthi moja ya nguvu, na hili kila mtu analijua. Ndiyo maana hakuna anayetaka kukaa mbele. Zamu za dakika mbili mbili zinapangwa vizuri sana pale kwenye dafu, lakini ikifika zamu yake jamaa anainama kukagua kamba za viatu. Viatu vyenyewe ni sendo. Na aliye nyuma naye ana mambo yake: anasogeza tairi lake la mbele mpaka linapishana na la nyuma la mwenzake. Hapo mbele akikwepa shimo, wanagusana, na anayeanguka karibu siku zote ni wa nyuma, kwa sababu usukani uliogongwa ni wake. Acha nafasi ya tairi moja, kaa nyuma yake kabisa, usimpandie ubavuni. Na wewe wa mbele, "shimo!" husemwa kabla ya shimo. Kulisema ukiwa ndani yake hiyo si tahadhari, hiyo ni taarifa ya msiba.

Tuje kwenye upepo wa tairi, maana hapa ndipo watu wazima wanapofanya mambo ya kitoto. "Jaza mpaka iwe kama jiwe." Kwa nini? Tairi jembamba la 700 kwa 28, mtu wa kilo 70, PSI 80 (ndiyo kipimo cha upepo) inamtosha kabisa. Lile pana la inchi 26 kwa 1.95 linataka 40 mpaka 50. Ukizidisha, kila kijiwe kinakupigia simu mgongoni. Ukipunguza sana, tairi linabonyea kwenye kona ya shimo, rimu linaing'ata tyubu, na ukiitoa unakuta vitundu viwili sambamba kama alama ya nyoka. Huo si mwiba, acha kuutafuta. Huo ni uvivu wa kupampu.

Na usimpelekee tairi jembamba yule kijana wa upepo wa malori pembeni ya barabara bila kumsimamia. Mashine yake imezoea tairi linalomeza upepo kama pipa. La kwako ni kikombe. Anachomeka, anageuka kujibu salamu, mpaka ajibu "poa" mlio umeshasikika na watu wamelala chini. Mwambie aguse na aachie, aguse na aachie, na wewe ukibonyeza tairi kwa kidole gumba kila mara. Na kama valvu yako ni ile nyembamba yenye kijinati kichwani, hata haiingii kwenye mdomo wa mashine yake bila kile kiunganishi cha shaba cha kuzungusha. Kiunganishi hicho ni kidogo kama punje ya hindi, ndiyo sababu siku zote kimebaki nyumbani kwenye droo.

Kuna jambo linaniudhi kuliko yote hayo, nalo ni inchi 26. Mtu anaingia dukani anasema, "Nipe tairi la 26." Muuzaji anampa la 26. Wanapeana mikono. Anafika nyumbani, haliingii. Analivuta, analikanyaga, anamwita shemeji. Haliingii kwa sababu 26 ya baiskeli ya milima ni rimu la kipenyo cha milimita 559, na 26 kwa 1⅜, ile iliyojaa kwenye mitumba ya Japani yenye kikapu mbele, ni milimita 590. Zote "26." Tofauti ni sentimita tatu, na sentimita tatu za rimu huwezi kuzivuta kwa maombi. Zile kubwa za 28 kwa 1½ za kina Phoenix ni 635, na za mbio za 700 ni 622, ambazo nazo kuna sehemu zinaitwa 28. Aliyezipa majina vitu hivi hakuwa na hofu ya Mungu. Soma ubavuni mwa tairi la zamani: kuna namba kama 37-590. Ya kwanza ni unene, ya pili ndiyo rimu. Iandike, ipige picha, ukaionyeshe dukani, na mtu akikwambia "hii inaingia tu, ni ileile," rudisha pesa mfukoni.

Sasa pancha. Pancha yenyewe haina ubaya, ubaya ni mafundi sita wanaozaliwa hapohapo. Tuseme mko Mapinga, saa tatu, kivuli hakuna. Wa kwanza ameshaleta bisibisi. Bisibisi! Hiyo inatoa tairi, ndiyo, na inatoboa tyubu sehemu mbili ambazo zilikuwa nzima. Mpini wa kijiko cha bati una adabu zaidi. Wa pili anataka kubandika kiraka kabla ya kujua kilichotoboa ni nini. Hapo ndipo mnapobandika, mnapanda, mnakwenda mita 300, pssss. Kwa sababu adui mmemwacha ndani ya tairi anakunywa chai.

Fanyeni hivi, jamani. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama tairini pale valvu ilipo. Jaza tyubu upepo, ipitishe karibu na mdomo na shavu. Shavu linasikia kabla ya sikio. Ukipata tundu, pima umbali wake mpaka kwenye valvu, kisha rudi kwenye tairi umbali uleule, pande zote mbili. Hapo ndipo ukague. Tumia kitambaa, usitumie kidole kitupu, maana pengine siyo mbigili. Kwenye barabara ya malori mara nyingi ni kiwaya cheusi chembamba kama unywele, urefu nusu sentimita, kilichotoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Huwezi kukiona. Kitambaa kinakwama hapo, unalikunja tairi, kinachungulia. Unakivuta kwa kikata kucha au kwa meno, na hapo wote sita wanasema, "Si nilisema?"

Tundu likiwa upande wa ndani, unaoangalia rimu, usihangaike na tairi: ni kichwa cha spoku kimechomoza au ule utepe wa rimu umehama. Likiwa kwenye shina la valvu, kiraka hakishiki hapo, weka tyubu nyingine na uihifadhi hiyo kwa kufungia mizigo. Kuziba kwenyewe: sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao ufifie, lile tuta la katikati ya tyubu lilainike kabisa. Paka solusheni, ile gundi ya viraka, nyembamba, pana kuliko kiraka. Halafu, na hapa naomba nisikilizwe, SUBIRI. Dakika tano, mpaka iwe imekauka na haing'ai. Kiraka hakishikwi na gundi mbichi. Huwezi kuamini watu wazima wenye ajira wanavyoshindwa kusubiri dakika tano. Wanapuliza, wanapunga kofia, mmoja anabandika ikiwa maji, kiraka kinateleza kama sabuni, na hizo dakika tano zinakuwa 40.

Cheni sisemi sana. Anayelia kama panya kila mzunguko anajijua. Oili chafu ya gari siyo mafuta ya cheni, ni uji wa mchanga. Tone moja kila pingili, usiku wa kuamkia safari, zungusha pedeli, ukimaliza futa kwa tambara mpaka nje paonekane pakavu. Mafuta yanatakiwa ndani ya pingili, nje yanakamata vumbi tu. Na chukua rula: pini ya kwanza mpaka ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ukingoja izidi moja ya nane, utabadilisha na friwili, ile ya meno gurudumu la nyuma, kwa sababu meno yameshazoea tabia ya cheni mbovu na mpya yataikataa.

Chakula. Kuna kundi linaloamini dafu ni dawa ya kila kitu. Dafu ni zuri, linywe, lakini chumvi yake ni ndogo, na jasho la pwani linatoka na chumvi mpaka fulana inachora ramani. Lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa, ndimu ukipenda. Nusu lita mpaka robo tatu kila saa. Ndizi mbivu moja au mbili kila saa, kuanzia saa ya kwanza, siyo pale unapoanza kuwachukia wenzako. Ukiona mtu mcheshi amenyamaza ghafla na anajibu "sawa" kwa kila kitu, mpe kashata haraka, huyo anazima. Mwenye supu ya mbuzi na chapati tatu kule Bagamoyo mwacheni. Kusi itazungumza naye Kiromo, njiani kurudi.

Na siti, tafadhali. Kukaa chini sana ndiko kunakomaliza magoti. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa kitako cha vidole, goti linabaki limekunjika kidogo, basi hapo. Ile kaptula yenye sponji ndani haivaliwi juu ya chupi. Narudia, haivaliwi juu ya chupi. Mshono wa chupi kilomita 110 ni msumeno. Paka mafuta ya mgando, acha aibu, hakuna anayekuangalia, kila mtu ana yake.

Ikishindikana yote, kuna kosta. Toa tairi la mbele, laza baiskeli upande wa cheni ukiwa juu, ifunge kwa mpira wa tyubu sehemu tatu, na panda mwenyewe kwenye paa uhakikishe gunia la mkaa halijalalia spoku. Kisha ushuke, ukae mlangoni, uanze kesi na konda.

"Nauli ya watu wawili, braza."

"Wawili nani? Hiyo ni baiskeli, haijakaa kwenye siti."

"Hata yule mama pale amesimama, na kalipa."