Alps si ya wenye mapaja ya chuma tu

Mwandishi, makala yako ya baiskeli imetutisha bure. Umeandika kana kwamba baiskeli huko kwenye milima ya Alps, Ulaya, ni kupanda Stelvio tu, ile barabara kali ya mlimani Italia, pikipiki zikikupumulia kisogoni. Mbona hukuitaja njia ya baiskeli ya Alpe Adria, kutoka Salzburg, Austria, hadi Grado, Italia, kama kilomita 410? Ni kweli si yote isiyo na magari. Vipande vingine mnatumia barabara za vijijini pamoja na magari. Na handaki la Tauern, la reli chini ya milima ya Austria, hulipiti kwa pedali: baiskeli hupakiwa kwenye treni Böckstein, mnashuka Mallnitz.

Utamu unaanza Tarvisio, upande wa Italia. Pale unafuata reli ya zamani iliyoachwa baada ya kujengwa mpya. Wameng'oa mataruma, wakaweka lami, basi. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo mteremko ni wa taratibu. Unavuka madaraja ya chuma juu ya mto Fella, unaingia mahandaki yenye baridi hata Julai (beba koti na taa, tafadhali), na stesheni ya Chiusaforte siku hizi inauza kahawa. Mama yangu mdogo, ambaye hataki hata kusikia habari za mazoezi, alifika pale bila kulalamika. Alilalamikia bei ya aiskrimu.